Risiti Iliyopigwa Pasi

Chumba cha cherehani
26 Novemba

Mwanangu Chiriku,

Hujambo huko uliko? Sisi wazima. Baba yako bado anagombana na goti lake, na goti linashinda.

Najua utauliza kwa nini shangazi mzima na simu yake anakaa kuandika barua. Kwenye simu mtu husema, hukata, na kesho kila mmoja anakumbuka lake. Barua haikani ilichosema. Tena wewe ukishika simu unaongea kama hilo jina lako, mimi napata nafasi ya kukohoa tu.

Sasa kaa chini. Mwalimu Mkuu amenipa kazi ya sare za shule nzima! Mashati, suruali, na sketi za buluu za kile kitambaa kizito kinachochosha mkasi. Mwaka jana aliwapa wale wa karakana kubwa, wakachelewesha, watoto wakakaa darasani na nguo za nyumbani kama wageni wa harusi. Safari hii kaniambia waziwazi: shule ikifunguliwa sare hazijafika, kazi inarudi karakana, na mimi nisimgongee tena mlango. Nimeshakodi chumba cha pili. Nimemwajiri na Mama Vifungo, mjane wa nyumba ya nyuma, ambaye kifungo akikishona yeye kitabaki hata shati likichakaa. Kazi hii ikiniponyoka, chumba kinakwenda na Mama Vifungo anakwenda. Sitaki hata kuifikiria siku hiyo.

Kwa hiyo nimenunua ovaloki, ile mashine ya kuzungusha kingo za nguo zisifumuke. Mpya! Nusu bei! Duka lilikuwa kwenye punguzo la mwisho wa mwaka, watu tunasukumana mlangoni, bei ya zamani imekatwa kwa kalamu nyekundu na mpya imeandikwa kubwa kama mlango. Nilimpita mama mmoja mnene kwa bega na sijutii. Baba yako alinishauri ninunue iliyotumika. Nimemcheka mpaka akaondoka sebuleni.

Niandikie. Kazi yako mpya inaendaje?

Shangazi yako


3 Desemba

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Hongera sana! Nimewasomea wenzangu ile ya bega, wamesema wewe ungefaa kuwa askari.

Lakini ngoja nikuharibie furaha kidogo. Hiyo bei ya zamani iliyokatwa, uliwahi kuiona kabla haijakatwa? Wako wanaopandisha bei jioni ili waikate asubuhi. Na mashine umeijaribu kwenye kitambaa chako, au kwenye kile kitambaa laini walichokuwekea mezani? Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na msimu huu vibaya vingi vimenunuliwa viatu vya kutembelea. Ijaribu leo, usingoje. Boksi usilitupe. Na risiti, Shangazi, itunze kama cheti cha kuzaliwa.

Kazi yangu ni nzuri, ila inabana. Ofisi yetu hujibu barua za wateja kwa niaba ya makampuni. Makampuni gani siruhusiwi kumwambia mtu, nimesaini. Niko kwenye majaribio mpaka mwisho wa Januari, ndipo wataamua kama nabaki. Mkuu wetu tunamwita Bwana Mhuri, maana hakuna barua inayotoka bila mhuri wake, na mhuri wenyewe anatembea nao mfukoni. Nataka sana kubaki, Shangazi. Kwa mara ya kwanza nina kiti changu na meza yangu, na dirisha linafunguka.

Msalimie baba na goti.

Chiriku


10 Desemba

Mwanangu,

Baba yako asijue habari hii. Nakuomba.

Nilifanya ulivyosema. Kwenye kitambaa laini mashine inakimbia mpaka unataka kuipigia makofi. Kwenye sketi inaruka mishono. Tukabadilisha sindano, ikaruka. Tukabadilisha uzi, ikaruka. Mama Vifungo akaigusa kila skrubu kwa upole wake wote, ikaruka. Ukivuta uzi kidogo, ukingo wote unaachia.

Nikaibeba mpaka dukani. Mle ndani kuna kijana mwenye tai ya njano. Hata mashine hakuitazama, alininyooshea kidole bango ukutani: BIDHAA ZA PUNGUZO HAZIRUDISHWI WALA HAZIBADILISHWI. Nikamuuliza, "Mwanangu, ungeniuzia sufuria lenye tundu, ungeniambia tundu nalo ni la punguzo?" Akasema, "Mama, risiti iko wapi?"

Hapo sasa. Wewe uliniambia niitunze kama cheti cha kuzaliwa. Nilipoitoa mkobani ilikuwa imekunjamana vibaya, na unajua mimi kitu kilichokunjamana siwezi kukiacha. Nikaipiga pasi. Chiriku, ilibadilika rangi mbele ya macho yangu! Ikawa nyeusi yote kama sehemu ya chini ya sufuria, hakuna hata herufi. Nilidhani ikipoa itarudi. Nikampelekea hivyohivyo. Aliishika kwa ncha za vidole, akawaita wenzake, wakaja kutazama mmoja mmoja. Nimechekwa, mwanangu. Mimi niliyeshona suti za harusi za nusu ya mtaa huu!

Siku zinakwenda na sketi zimelala. Wewe unafanya kazi na barua. Niambie niandike nini.

Shangazi


14 Desemba

Shangazi,

Shikamoo. Nimecheka kwanza, halafu nimeona aibu, kwa sababu maneno ya cheti cha kuzaliwa ni yangu. Karatasi ile haiandikwi kwa wino, huandikwa kwa joto. Ulipoipiga pasi, uliiandika yote.

Pole. Sasa futa machozi, maana una haki zaidi kuliko walivyokuambia.

Bango la ukutani si sheria. Kama ungekuwa umebadili mawazo tu, umesema rangi hupendi, hapo wangekuwa na la kujibu. Lakini kitu kibovu ni kibovu, hata kikiuzwa robo bei. Walikuuzia mashine ya kushona, na haishoni. Waitengeneze, au wakupe nyingine, au wakurudishie fedha zako. Na risiti si ushahidi pekee duniani. Una ujumbe wa malipo kwenye simu, una namba iliyogongwa kwenye kibati chini ya mashine, na duka lenyewe lina nakala ya mauzo yake.

Liandikie Dawati la Wateja la duka hilo, anwani huwa iko nyuma ya mfuko wao. Andika kwa heshima, lakini usipige magoti. Peleka nakala, vitu halisi ubaki navyo. Na mtu akikupigia akasema anatoka dukani, anahitaji namba yako ya siri ili akurudishie fedha, huyo ni mwizi. Fedha haihitaji namba ya siri kuingia kwako. Inaihitaji kutoka.

Wakikusumbua niambie. Nina hasira nao wote, na hiyo tai ya njano yao.

Chiriku


17 Desemba

Kwa Dawati la Wateja

Kuhusu: Mashine ya ovaloki isiyoshona

Mimi ni fundi cherehani. Nilinunua kwenu mashine ya ovaloki wakati wa punguzo. Inaruka mishono kwenye kitambaa kizito, na kijitabu chenu kinasema ni ya vitambaa vyote. Namba iliyo kwenye kibati, nakala ya ujumbe wa malipo na kipande cha kitambaa kilichoshonwa nimeviambatanisha. Risiti ninayo ila haisomeki, kwa sababu za pasi.

Bango la ukutani si sheria. Kitu kibovu ni kibovu, hata kikiuzwa robo bei. Mliniuzia mashine ya kushona, na haishoni. Itengenezeni, au nipeni nyingine, au nirudishieni fedha zangu. Nina kazi ya watu yenye siku yake, kwa hiyo naomba jibu mapema.

Wenu,
Fundi Cherehani, mteja


19 Desemba

Kwa Mkuu wa Dawati, kutoka meza ya dirishani

Naomba barua hii ya fundi cherehani tusiijibu kwa ile barua yetu ya kawaida. Mashine yake inaonekana mbovu kweli, ushahidi ameleta, na anayoyasema kuhusu bango ni sahihi.


Jibu:

Bidhaa ni ya punguzo. Mteja wetu mwenye duka ametupa maelekezo. Tumia barua ya kawaida, ongeza sentensi moja ya kumliwaza. Tena nakukumbusha kwamba uko kwenye majaribio.

(Mhuri)


20 Desemba

Mteja Mpendwa,

Tunakushukuru kwa kutuandikia. Tumeyapitia malalamiko yako kwa makini. Kwa mujibu wa utaratibu wa duka, bidhaa zilizonunuliwa wakati wa punguzo hazirudishwi wala hazibadilishwi, na madai yasiyo na risiti inayosomeka hayashughulikiwi.

Tunaelewa uzito wa jambo hili, hasa kwa watoto wanaozisubiri sketi zao za buluu.

Tunakutakia msimu mwema wa manunuzi.

Kwa niaba ya Dawati la Wateja


21 Desemba

Shangazi,

Shikamoo. Nakuandikia haraka. Wakikukataa, usikubali. Mara nyingi jibu la kwanza ni barua moja iliyotungwa zamani, inatumwa kwa kila mtu. Andika mara ya pili, taka jalada lako lisomwe na mkuu wa dawati mwenyewe, na useme kwamba usiposikilizwa utakwenda kwenye ofisi ya kutetea wanunuzi.

Sikukuu hii sitakuja nyumbani. Kazi ni nyingi. Nisamehe.

Chiriku


24 Desemba

Mwanangu,

Barua yako na yao zimefika siku moja. Wamekataa kama ulivyobashiri, utadhani ulikuwa mezani kwao.

Waliyoandika yote ni baridi, isipokuwa sentensi moja. Nimeikasirikia barua hiyo asubuhi nzima, nikamsomea Mama Vifungo kwa sauti ya kebehi, tukamtukana aliyeiandika matusi madogomadogo yanayoruhusiwa. Mchana nikaisoma tena, hasira ikageuka kitu kingine. Nitakuambia siku nyingine.

Usidhani nimekaa nalia. Tunazungusha kingo kwa mkono, mimi na Mama Vifungo, kama enzi za bibi yako. Vidole vimeota sugu juu ya sugu. Ni kazi nzuri lakini ya kinyonga, na kwa mwendo huu watoto wa darasa la kwanza watavaa sketi wakifika la tatu. Mwalimu Mkuu alipita jana. Alitazama marundo, akasema, "Fundi, tuko pamoja?" Nikamjibu, "Tuko pamoja, Mwalimu." Alipotoka nikachukua sindano, nikaanza sketi nyingine.

Lakini ngoja nikuchekeshe. Juzi kapiga simu mtu mwenye sauti ya asali. Anatoka "makao makuu ya duka", fedha zangu ziko tayari, nimtajie tu namba ya siri azisukume. Nikamwambia, "Ngoja mwanangu nivae miwani." Nikaenda nikanywa chai. Niliporudi bado yupo! Nikamwambia, "Namba yenyewe ndefu, wewe nitajie kwanza ya kwako tuone kama zinafanana." Alikata bila kwaheri. Malezi ya siku hizi.

Usijali kuhusu sikukuu. Kula vizuri, na lala.

Shangazi


27 Desemba

Kwa Dawati la Wateja

Kuhusu: Mashine ileile

Nimepokea barua yenu na sikubaliani nayo. Hakuna hata mstari mmoja uliojibu nilichouliza. Sikuuliza kama mashine ilikuwa ya punguzo, hilo nalijua, nilisukumana kuipata. Niliuliza kama ni nzima.

Na sasa nakuandikia wewe unayefungua bahasha hii. Najua si wewe uliyelibandika bango lile. Najua una mkubwa, na mkubwa ana mkubwa wake. Sentensi yako ya huruma nimeiona, asante, lakini huruma haizungushi ukingo. Kama una shangazi nyumbani, muulize atakuambia hivi: usinifanyie lolote kwa mlango wa nyuma. Sitaki mashine ya kichinichini. Nyuma yangu dukani alisimama baba mmoja na pasi isiyopata moto, na mama mwenye jiko lililokufa siku ya pili, nao walionyeshwa bango hilohilo. Nataka mlango wa mbele ufunguliwe, tupite wote.

Naomba jalada langu lisomwe na mkuu wa dawati mwenyewe. Lisiposomwa, nitakwenda kwenye ofisi ya kutetea wanunuzi na nakala za kila kitu, pamoja na risiti yangu nyeusi.

Fundi Cherehani, mteja bado


31 Desemba

Shangazi,

Shikamoo. Mficha uchi hazai, na mimi nimeficha vya kutosha.

Duka lako ni mojawapo ya makampuni tunayoyajibia barua. Sikujua mpaka bahasha yako ilipotua mezani kwangu. Nilifungua, nikakuta maneno yangu mwenyewe yananitazama, "bango la ukutani si sheria", kwa mwandiko wako wa kulala upande mmoja. Nilimwomba Bwana Mhuri tusikukatae. Akasema tumia barua ya kawaida. Nikaitumia. Mimi ndiye niliyekukatalia, Shangazi. Nilijua una haki, nilikuambia mwenyewe kwamba una haki, halafu nikakuandikia kwamba huna, kwa sababu naipenda meza yangu na nilimwogopa mtu mwenye mhuri. Kisha nikakutumia ile barua ya haraka ili nijisikie mtu mwema. Sikujisikia.

Barua yako ya pili ilipofika nilikuwa nimeshapanga ujanja. Nilitaka kuliingiza jalada lako katikati ya yale yaliyokubaliwa, lipite na mengine bila mtu kugundua. Ningeweza. Ndipo nikasoma pale pa mlango wa nyuma, nikalitoa.

Nilikwenda kabatini nikatafuta malalamiko yote ya ovaloki za aina yako. Yako mengi, Shangazi. Wote wanasema inaruka kwenye kitambaa kizito, na wote walipata barua ya kawaida na sentensi ya huruma, nyingine nimeziandika mimi. Nikayabeba mikononi mpaka kwa Bwana Mhuri. Nikamwambia, "Mteja wa jalada hili la juu ni shangazi yangu, kwa hiyo mimi sifai kuamua lake. Lakini hawa wengine siwajui, na wanasema kitu hichohicho." Nikamwambia pia kwamba mimi ndiye niliyekufundisha cha kuandika, kabla sijajua unamwandikia nani.

Aliyapanga majalada mbele yake, akatoa mhuri mfukoni, akautazama, akaurudisha. Kisha akaniambia niache meza yangu na nihamie chumba cha bahasha mpaka atakaponiita.

Hapo ndipo nilipo, nabandika stempu. Kama nitafukuzwa sijui. Ila jana nimelala usingizi mzuri, na nilikuwa nimeusahau. Nisamehe kwa ile barua.

Chiriku wako


4 Januari

Kwa Bi Fundi Cherehani,

Nimelisoma jalada lako mwenyewe. Duka limekubali kwamba ovaloki za toleo hilo zina kasoro. Barua hii inakuja pamoja na mashine nyingine na fundi wetu, naye ataijaribu mbele yako, kwenye kitambaa chako. Isipokuridhisha, utarudishiwa fedha zote. Wateja wengine walionunua toleo hilo wanaandikiwa vivyo hivyo.

Mwanasheria wa duka ameeleza kwamba lile bango halikuwa halali kwa bidhaa mbovu. Limebanduliwa.

Mhudumu aliyekujibu mwanzo alinieleza kwa hiari yake kwamba wewe ni shangazi yake. Uamuzi huu nimeufanya pasipo yeye kuhusika.

Tafadhali risiti ya mashine mpya usiipige pasi.

Mkuu wa Dawati
(Mhuri)


8 Januari

Shangazi,

Shikamoo. Ameniita. Alisema nilikosea kukaa kimya siku zile zote, na hilo atalikumbuka, kwa hiyo majaribio yangu yameongezwa miezi mitatu. Nikadhani amemaliza, nikainuka. Akasema, "Kaa. Ile barua ya kawaida imekufa. Andika nyingine, na safari hii iwe inajibu alichouliza mtu." Akanirudishia ufunguo wa meza.

Mashine imefika? Inashona? Hujaniandikia neno tangu mwaka uanze. Kimya chako kinanitisha kuliko yule mzee.

Chiriku


13 Januari

Mwanangu,

Nimekaa kimya kwa sababu nilikuwa nashona! Mashine imefika, na fundi wao tulimweka kitako. Alitoa kitambaa chake laini mfukoni, Mama Vifungo akakichukua kwa upole, akakikalia. Akampa sketi. Mashine ikaishona yote bila kuruka hata mshono mmoja, nikapiga vigelegele mpaka baba yako akaja mbio na goti lake. Ndipo akajua habari yote. Anasimulia mtaa mzima kuhusu risiti, na anaongeza chumvi.

Ungeiona siku ile shule ilipofunguliwa! Nilisimama getini na Mama Vifungo, tukajifanya tunapita tu. Wakaingia na buluu yao, wengine wamevaa sketi kubwa za kukulia, wanazishikilia kiunoni. Mwalimu Mkuu akatuona. Akasema, "Mwakani pia, Fundi." Mama Vifungo alilia njia nzima, mimi nikamwambia ni vumbi. Chumba cha pili kinabaki.

Sasa yale niliyokuahidi kukuambia siku nyingine.

Nilijua, Chiriku. Niliijua ile barua tangu siku nilipoipokea. Nilirudia kusoma nakala ya barua yangu mara nyingi. Niliwaandikia "kitambaa kizito", kipande nilichoambatanisha kilikuwa cheusi, cha suruali. Neno sketi sikuliandika, sembuse rangi yake. Duniani ni watu wachache wanaojua kwamba nashona sketi za buluu, na ni mmoja tu anayejibu barua za makampuni. Nikakaa na karatasi ile mapajani. Niliumia, sikufichi. Mtoto niliyemfundisha kushika sindano ananiita Mteja Mpendwa, ananitakia msimu mwema wa manunuzi! Nilitaka kuja huko huko nikuvute sikio mbele ya mhuri wenu.

Mchana ndipo nikaiona ile sentensi kwa jicho jingine. Mtu asiyejali haandiki rangi. Nikajua mtoto amebanwa, na kwamba ukibanwa zaidi utafanya ujanja kwa ajili yangu, maana nakujua. Kweli kazi hii niliitaka kufa na kupona, lakini kuliko wewe upoteze heshima yako kwa kuiba kwa ajili yangu haki ambayo ni yangu tayari, heri ningezungusha kingo kwa mkono mpaka vidole vikatike. Ndiyo maana niliandika habari ya mlango. Ile barua ya pili sikuwaandikia wao.

Nimekusamehe kabla hujaomba. Miezi mitatu si kitu, utaimaliza umekaa dirishani.

Risiti mpya nimeinakili kwa kalamu, nimeipiga picha, nimeifungia kwenye kopo la vifungo mbali na pasi. Ile nyeusi nimeitundika ukutani juu ya mashine. Wateja wanauliza ni picha ya nini, na mimi nawaambia wakae kwanza.

Kwenye kifurushi hiki kuna sketi yako. Ni ya kitambaa kilekile cha buluu kilichobaki, kingo zimezungushwa na mashine mpya, kiuno nimekiacha nafasi kidogo kwa sababu najua unakaa sana. Ivae siku utakapomaliza hiyo barua mpya. Ikifumuka popote, irudishe. Kwangu hakuna bango ukutani.

Shangazi yako